Saa janja kwa bajeti ya laki mbili na nusu: ina maana, na ipi nichukue?

Kimbia_Dom

Wakuu, habari za muda huu. Nataka kununua saa janja, lakini kabla sijatoa hela naomba mawazo ya wanaozijua.

Simu yangu ni Infinix yenye Android 13. Nakimbia asubuhi mara tatu kwa wiki, kilomita 5 hadi 8, na sitaki kubeba simu njiani. Kazini simu hukaa kwenye droo, kwa hiyo nahitaji kuona mkononi nani anapiga na kama ujumbe wa M-Pesa umeingia. La tatu ni mama. Ana presha na yuko kwenye dawa, nikafikiri naye nimchukulie saa ya kumpima presha, ikiwezekana na sukari.

Bajeti ya saa yangu ni laki mbili na nusu, naweza kuongeza kidogo kama kuna sababu ya maana. Kariakoo nimeonyeshwa mbili. Moja ni "Ultra" ya elfu arobaini na tano, boksi lake limeandikwa presha, sukari, oksijeni, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na GPS. Nyingine ni Apple Watch Series 3 iliyotumika, laki na themanini.

Naomba kujua: saa janja ni kitu cha msaada au ni urembo tu? Hii ya elfu arobaini na tano inatofautiana nini na ya laki mbili kama boksi linadai yote hayo? Na ya Apple itakubali Infinix?

FundiSaketi

Mkuu, anza na simu, saa itafuata. Hapo ndipo hela nyingi zinapotea.

Apple Watch huunganishwa na iPhone peke yake. Kwenye Android hata hatua ya kwanza ya kuiwasha huivuki, kwa sababu usajili wake unafanyika ndani ya iPhone. Series 3 ilitoka 2017 na masasisho ya mfumo wake yaliishia watchOS 8, kwa hiyo hata mwenye iPhone nisingemshauri aichukue leo. Juu ya hapo, Apple Watch iliyotumika inaweza kuwa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Ukifuta kila kitu, ikiwaka tena inadai nenosiri lake, na bila hilo umenunua bangili. Hii iweke pembeni kabisa.

Samsung Galaxy Watch kuanzia ya 4 (2021) inafanya kazi na Android pekee, na Infinix inaikubali. Ila ECG na kipimo cha presha vinapitia programu ya Samsung Health Monitor, ambayo inataka simu ya Samsung. Ukiwa na Infinix utalipia vitu usivyoweza kuvifungua. Pia zinataka chaji kila siku moja au mbili.

Kundi linalokufaa ni lile lisilobagua simu: Amazfit (programu yake ni Zepp), Xiaomi na Redmi (Mi Fitness), Huawei (Huawei Health) na Garmin (Garmin Connect). Hizi zina mfumo mwepesi wa kwao, huwezi kupakia programu kama kwenye simu, lakini betri inakaa siku nyingi. Kwa mahitaji uliyoandika huna unachokosa.

Jingine la kuzingatia ni umri wa betri. Betri ya lithiamu huanza kupungua uwezo kwa kuhesabu mizunguko ya kuchaji, kwa kawaida hubaki na asilimia 80 hivi baada ya mizunguko 500 hadi 1,000 kutegemea ubora wake. Saa ya kuchaji kila siku inamaliza mizunguko 500 ndani ya mwaka mmoja na miezi mitano. Ya kuchaji kila siku kumi, mizunguko hiyo hiyo inakwenda zaidi ya miaka kumi, maana yake kuchaji hakutakuwa ndiko kunakoimaliza betri mapema. Kufungua saa kubadilisha betri ni kazi ya kupasha gundi ya kioo kwa joto, na ikishafunguliwa usiiamini tena kwenye maji. Kwa hiyo siku za chaji zisichukuliwe kama anasa, ndizo zinazoamua saa itakaa nawe muda gani.

DadaKliniki

Naomba niseme kuhusu mama, kwa sababu hapo ndipo penye hatari.

Usimnunulie saa kwa ajili ya presha. Mashine ya presha inafanya kazi kwa kuubana mshipa wa mkono kwa hewa, kisha inalegeza taratibu na kusikiliza mitetemo ya damu inavyorudi kupita. Saa ya kawaida haibani chochote. Ina taa za kijani zinazomulika ngozi na kijicho kinachopokea mwanga unaorudi. Damu inafyonza mwanga wa kijani, kila pigo likija damu inaongezeka kidogo kwenye ngozi na mwanga unaorudi unapungua. Kwa njia hiyo unaweza kuhesabu mapigo ya moyo vizuri. Presha haionekani humo moja kwa moja, inakadiriwa tu kutokana na umbo la wimbi la pigo.

Hata Samsung, ambao wamefanya kazi ya kweli katika hilo, wanakutaka uisahihishe saa kwa mashine ya presha ya mkono, na urudie kila siku 28. Yaani bado unahitaji mashine! Saa ninayoijua yenye mkanda unaojaa hewa na kubana kweli ni Huawei Watch D na mdogo wake D2, na bei yake iko mbali na laki mbili na nusu. Za bei ndogo zinazoandika 118/76, 121/79, 119/77 kila ukibonyeza, zinatoa namba za kumfurahisha mtu tu. Hatari yake ni kwamba mama anaamka kichwa kinauma, saa inasema 120/80, anaahirisha kliniki.

Sukari ndiyo kabisa. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Kuna vifaa vinavyobandikwa mkononi vyenye kisindano chembamba kinachokaa chini ya ngozi, na saa inaweza kuonyesha namba kutoka huko, lakini aliyepima ni kile kibandiko. Mtu anayejidunga insulini akifuata namba ya saa ya Kariakoo anaweza kushusha sukari mpaka akapoteza fahamu.

Hela ya mama nunua mashine ya presha ya juu ya kiwiko, ya kujaza hewa yenyewe. Kabla ya kulipa pima mzunguko wa mkono wake katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani. Mkanda wa kawaida umeandikwa sentimita 22 hadi 32, na mama zetu wengi mkono unazidi 32, kwa hiyo utafute wa 22 hadi 42. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unapandisha namba kwa uongo, na mkubwa kwa mkono mwembamba unashusha.

Namna ya kupima ndiyo inayokosewa zaidi. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini isipishane, akojoe kwanza, atulie dakika tano bila kuongea. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala chai ya rangi kali. Mkono uwe juu ya meza, mkanda usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya mkono wa kitenge. Apime mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba. Siku ya kwanza iacheni, zilizobaki tafuteni wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unahesabiwa kuwa juu. Daftari hilo ndilo daktari wake atalifanyia kazi. Ikifika 180/120 na ana maumivu ya kifua, pumzi inakata, ganzi upande mmoja au macho yanafifia, msisubiri kupima tena, nendeni hospitali.

Mdau_wa_Ilala

Kuhusu hiyo Ultra ya 45, kuna kipimo chepesi sana. Vua saa, izungushie chupa ya maji au ndizi, washa kipimo cha mapigo. Ikitoa 78, ni feki, rudisha hapo hapo.

FundiSaketi

Mdau, kipimo hicho kinavuma lakini hakitoshi. Hata saa nzuri inaweza kusoma "mapigo" kwenye chupa au tishu iliyokunjwa, kwa sababu kazi ya programu yake ni kutafuta kitu kinachojirudia ndani ya mwanga unaorudi, na kwenye kelele inaweza kukipata. Ukitegemea chupa utakataa saa nzima na kuchukua mbovu iliyokaa kimya.

Fanya hivi dukani. Vaa saa, kaza mkanda, kaa dakika mbili, soma mapigo. Weka vidole viwili shingoni pembeni ya koromeo, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kisha panda ngazi za jengo haraka kwa dakika mbili (Kariakoo ghorofa hazikosekani) na urudie vyote viwili hapo hapo kabla mapigo hayajashuka. Saa ya kweli itapanda nawe hadi 120 au 130 na kutofautiana na shingo kwa mapigo machache. Za bei ya chini sana hubaki 75 hadi 90 hata ukiwa unahema, au hupanda baada ya dakika nzima.

Kwa GPS: zima Bluetooth ya simu, toka nje mahali pa wazi, anzisha zoezi la kukimbia nje. Yenye GPS yake itaonyesha inatafuta setilaiti kwa nusu dakika hadi dakika chache, kisha itakuambia iko tayari. Isiyo nayo itadai uunganishe simu, au itaanza papo hapo bila kutafuta chochote na kukupa umbali wa kukisia kwa hatua.

Kwa ECG: geuza saa utazame. ECG inahitaji njia mbili za umeme, chuma kinachogusa mkono uliovaa na chuma kingine cha kuwekea kidole cha mkono wa pili, kwa kawaida kitufe au ukingo. Kama mgongo ni plastiki tupu na hakuna pa kuweka kidole, wimbi unaloona kwenye kioo ni katuni.

Na mwulize winga programu yake inaitwaje, uitafute kwenye Play Store palepale. Ukiona saa imeandikwa "Ultra" ila inatumia FitPro au WearFit Pro, ujue ni moja ya mamia yanayotengenezwa kwa sura ya Apple. Inaweza kukuonyesha saa, hatua na arifa. Kwa elfu arobaini na tano na kwa kazi hizo tatu si dhambi kuinunua, ilimradi usiamini kingine kilichoandikwa kwenye boksi.

Hatua_Elfu_Kumi

Niongezee upande wa kukimbia, maana hapo ndipo sababu ya kununua saa ipo kweli.

Kama unakimbia bila simu, sharti lako la kwanza ni GPS iliyo ndani ya saa. Matangazo hucheza na maneno: "inaunga GPS" mara nyingi maana yake inaazima ya simu. Xiaomi Smart Band 9 ni bendi nzuri, kioo cha inchi 1.62, betri mpaka siku 21 kwa madai ya mtengenezaji, lakini haina GPS. Samsung Galaxy Fit3 vilevile haina. Redmi ndiyo inachanganya zaidi: Redmi Watch 5 Active haina GPS, Redmi Watch 5 Lite na Redmi Watch 5 zinayo. Majina karibu sawa, maboksi yanafanana, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Soma nyuma ya boksi mpaka uone GPS au GNSS (jina la jumla la mifumo ya setilaiti kama GPS), kisha fanya jaribio la FundiSaketi.

Kwa bajeti yako naona mbili. Amazfit Bip 6 (2025) ilitoka kwa dola 79.99. Ina kioo cha AMOLED cha inchi 1.97, GPS yake, maikrofoni na spika za kupokea simu kwa Bluetooth, betri wanayodai siku 14, na kinga ya maji ya 5ATM. Amazfit Active 2, ya mwaka huo huo, ilitoka kwa dola 99.99. Ni ya duara, inchi 1.32, mwili wa chuma, siku 10. Ndani zinafanana sana. Chukua Active 2 kama unajali muonekano au mkono wako ni mwembamba, la sivyo Bip 6 inatosha. Bei za dukani kwetu hubeba usafiri na faida, kwa hiyo linganisha maduka matatu kwa siku moja.

Ukitaka kuongeza hela kwa ajili ya mbio hasa, nenda Garmin Forerunner 55. Ni ya 2021, dola 199.99 ilipotoka, kioo chake hakina rangi za kung'aa lakini juani kinasomeka vizuri kuliko kingine chochote kwa sababu kinatumia mwanga wa jua wenyewe. Inakaa wiki mbili ukiivaa kawaida na saa 20 GPS ikiwa imewaka. Ina vitufe vitano, hivyo jasho na mvua havikusumbui kama kwenye kioo cha kugusa. Haina spika wala maikrofoni, simu utaiona ikiita tu. Kwa mtu wa kilomita 5 hadi 8 mara tatu kwa wiki sioni sababu ya kuifikia, ila kama una ndoto ya nusu marathoni ya Kilimanjaro, mipango ya mazoezi iliyomo ndani yake ina thamani.

Sasa namna ya kuivaa, kwa sababu lawama nyingi dhidi ya sensa ni za mkanda. Ukikimbia, isogeze juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa kidole kimoja au viwili, ikaze isiteleze ukitingisha mkono, lakini isiache alama nzito. Ikicheza, mwanga wa nje unaingia na sensa inaanza kufuata mdundo wa mkono. Ndiyo maana unaona mapigo 170 wakati unakimbia polepole na unaweza kuongea. Hiyo 170 ni hatua zako kwa dakika. Ikitokea, simama sekunde kumi, kaza, endelea. Tatuu nyeusi chini ya sensa nayo inazuia mwanga, vaa mkono mwingine. Mbio za kupandisha na kushusha kasi kwa dakika moja moja, sensa ya mkononi huchelewa kwa asili yake. Anayehitaji usahihi hapo avae mkanda wa kifuani.

DadaKliniki

Hatua kataja mwanga, niongeze kuhusu oksijeni. Kipimo hicho kinatumia mwanga mwekundu na wa infraredi, na rangi ya ngozi inaingilia. Utafiti wa hospitali za Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba hata vipimo vya kidole vya hospitali vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Saa ya mkononi haiwezi kuwa bora kuliko kibanio cha kidole. Kwa hiyo namba ya 97 kwenye saa isikufanye umpuuze mtu anayehema kwa shida.

Mapigo ya moyo ukiwa umepumzika ndiyo namba ninayoiheshimu kwenye saa hizi. Mkimbiaji ambaye kawaida yake asubuhi ni 58 akaamka siku mbili mfululizo na 68, mara nyingi mwili unapambana na kitu: homa inakuja, hajalala, au amezidisha mazoezi. Tazama mwenendo wa wiki, usihangaike na namba moja.

Kimbia_Dom

Nashukuru sana, dada na wakuu. Suala la mama limeisha, nachukua mashine ya mkono, na futi ya cherehani ipo nyumbani. Apple na Ultra nimeachana nazo. Naelekea Bip 6.

Yamebaki mawili. Nimesoma watu wanalalamika kwamba arifa zinakata kwenye Tecno na Infinix baada ya siku moja. Na 5ATM ina maana naweza kuoga nayo na kwenda nayo baharini nikiwa Dar?

Pwani_Kavu

La maji nijibu mimi. 5ATM ni shinikizo sawa na maji yaliyotulia ya mita 50, limepimwa kiwandani kwenye saa mpya. Ruhusa ya kuzama mita 50 haimo. Kuogelea juu juu kwenye bwawa au baharini sawa. Kupiga mbizi, kuruka kutoka kwenye boti au kupanda pikipiki ya majini hapana, kwa sababu maji yanapogonga kwa kasi shinikizo linazidi.

Kuoga nayo sishauri, na tatizo si maji, ni joto na sabuni. Mvuke hupenya pasipopenya maji, joto hutanua mpira wa kuzibia, sabuni huulainisha. Siku moja haifanyi kitu, miezi sita inafanya. Baada ya bahari isuuze kwa maji baridi ya bomba, kavu kwa kitambaa laini, kisha tazama nyuma zile pini mbili za chaji. Chumvi ya bahari na ya jasho ikibaki pale na ukaweka chaji, umeme unazila pini mpaka zinakuwa kijani au nyeusi, halafu saa "imegoma kuchaji". Zifute kila wiki kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, subiri ikauke, ndipo uchaji. Usikwangue kwa kisu, utaondoa rangi ya juu inayozuia kutu.

Na ngozi: ukipata vipele chini ya mkanda, mara nyingi ni jasho na sabuni vilivyobanwa. Ivue kwa muda wa saa moja kila siku, osha mkanda wa silikoni, legeza tundu moja ukilala.

FundiSaketi

Arifa kukata kwenye Infinix na Tecno si ugonjwa wa saa. Simu hizo zimepangwa kuua programu zinazokaa nyuma ili kuokoa chaji, na programu ya saa ikiuawa, saa inabaki bubu. Ukifanya yafuatayo siku ya kwanza, shida hiyo hutaiona.

Pakua Zepp kutoka Play Store. Washa Bluetooth na mahali (lokesheni), lakini usiiunganishe saa kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu. Fungua Zepp, chagua kuongeza kifaa, piga picha msimbo wa QR unaoonekana kwenye saa. Saa ikishakubali itasasisha programu yake ya ndani, na hilo linaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo iwe na chaji zaidi ya nusu na simu iwe karibu nayo mpaka imalize.

Kisha nenda mipangilio ya simu, programu, Zepp, betri, chagua isizuiwe. Fungua Phone Master (programu ya usimamizi iliyomo kwenye Infinix na Tecno), tafuta sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, ruhusu Zepp. Fungua orodha ya programu za karibuni, shikilia ya Zepp na uifunge kwa alama ya kufuli. Usibonyeze tena ule ufagio wa kusafisha simu ukifikiri unaisaidia, ndio unaoua kila kitu. Mwisho, ndani ya Zepp washa arifa za simu na za programu, na kwa M-Pesa chagua ile programu ya ujumbe mfupi unayotumia. Usichague zote arobaini, betri itaisha na mkono utatetema mchana kutwa.

Kwa anayechukua Huawei, pana kizingiti kimoja zaidi. Huawei Health ya Play Store mara nyingi ni ya zamani, inabidi upakue kutoka tovuti ya Huawei. Android 13 kwenda juu huzuia programu iliyopakuliwa nje ya duka kusoma arifa, kile kitufe kinakuwa kijivu. Nenda taarifa za programu, gusa vidoti vitatu juu kulia, ruhusu mipangilio iliyozuiwa, ndipo kitufe kitakubali.

Kuhusu M-Pesa mkononi, saa itakuonyesha ujumbe tu. Huwezi kupiga *150*00# wala kutuma hela kupitia saa, na NFC (ya kulipa kwa kugusisha) ikiwepo kwenye saa haihusiani na hilo. Kioo kidogo pia kinawapa nafasi matapeli, kwa sababu maneno ya muamala yanajaza kioo na jina la mtumaji linabanwa juu. Kabla ya kumpa mtu mzigo, tazama mtumaji ni M-PESA au ni namba ya kawaida, na salio lihakikishe kwenye simu. Ujumbe huo unabeba salio lako, kwa hiyo weka kwenye Zepp saa isiwake ujumbe ukiingia wakati haijavaliwa.

Hatua_Elfu_Kumi

Kimbia_Dom, ukiipata: kioo cha kuwaka muda wote kizime. Huawei Watch Fit 3 kwa mfano, mtengenezaji mwenyewe anasema siku 7 kwa matumizi ya kawaida na 4 kioo kikiwaka muda wote, na Amazfit mwelekeo ni huo huo. Mapigo weka yapimwe kila dakika moja, usingizi ndiyo, oksijeni ya kujipima yenyewe zima.

Usiku kabla ya mbio fungua Zepp saa iwasiliane na simu, ipate taarifa mpya za mahali setilaiti zilipo. Ukiacha wiki nzima bila kufanya hivyo, asubuhi utasimama barabarani dakika kadhaa ukisubiri. Na subiri kweli mpaka iseme iko tayari. Ukianza kukimbia ikiwa bado inatafuta, mita mia mbili au tatu za kwanza zinapotea na kasi ya kilomita ya kwanza inakuwa ya ajabu. Uwanjani njia ya ndani ina mita 400 kwa mzunguko. Kimbia mizunguko 10 uone saa inasemaje. Ikisema kilomita 4.05 au 4.1 ni kawaida ya GPS kwenye kona, usiirudishe dukani.

Kimbia_Dom

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho: chaji yake nikiipoteza, nitapata nyingine? Na nichaji kwa kichwa gani?

FundiSaketi

Chaji ya saa hizi ni ya sumaku na pini mbili, nafasi za pini hutofautiana kati ya saa na saa, ya Redmi haikubali Amazfit hata kama inanata. Nunua ya pili siku hiyo hiyo ukiwa na saa mkononi uijaribu, kwa sababu toleo likipita mwaka mmoja au miwili chaji inaweza kuwa ngumu kupatikana. Kichwa tumia cha kawaida cha volti 5, ampea 1. Vile vikubwa vya chaji ya haraka saa haivihitaji.

Mkanda usikutie wasiwasi. Bip 6 inatumia mkanda wa kawaida wa milimita 22 wenye pini za springi, unapatikana kwa fundi yeyote wa saa. Wa Active 2 ni milimita 20.

Na dukani usikubali "nimeshakufungulia nikakujaribia". Saa ya Amazfit au Xiaomi ikishaunganishwa na akaunti ya muuzaji, yako haitaikubali mpaka aiondoe kwenye programu yake. Mwambie aiondoe mbele yako, iunganishe na Infinix yako hapo hapo kaunta, fanya jaribio la ngazi na la GPS, kisha ndiyo ulipe, na risiti iandikwe jina kamili la toleo na namba ya utambulisho (serial number) iliyo nyuma ya saa. Gwaranti ya duka bila namba hiyo haina pa kushikia.